Mkufunzi Aliyesalimia Waliozimia

Kwa miaka tisa nilikuwa na swali moja la kumwuliza Mkufunzi, na kwa miaka hiyo hiyo nilikuwa nikimkwepa. Akija kituoni kwetu kufundisha, nabadilishana zamu na mwenzangu. Nikimwona ng'ambo ya barabara, na begi lake la kijani begani, najifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Akishapita namtazama mpaka anapotea, na moyo unaniuma. Sijawahi kumtamani na kumwogopa mtu mmoja kwa wakati mmoja namna ile.

Tulimwita Mkufunzi, sote, kuanzia askari wapya mpaka mkuu wa kituo. Cheo chake kilikuwa sajini, na jina lake lilikuwa kifuani kwenye sare, lakini hakuna aliyelitumia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vituo vya polisi vya Temeke na Kinondoni akitufundisha huduma ya kwanza: kuzuia damu, kumlaza aliyezimia, kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Waliomwita Dokta kwa kumtania aliwanunia siku nzima. Alisema daktari ni mtu anayekuja baadaye, na kwamba sisi askari, tupende tusipende, ndio tunaokuwepo.

Swali lenyewe nilitaje mapema, maana bila hilo nisingekuwa na sababu ya kuandika habari zake. Ilikuwa alasiri, wiki tatu tu baada ya mafunzo yangu ya kwanza, nami nimekaa kaunta katika kituo chetu kidogo upande wa Temeke. Bajaji ikasimama mlangoni. Vijana wawili wakamshusha mwenzao, dereva wa bodaboda, paja lake limefungwa khanga. Alikuwa amechanwa na bati lililochomoza kwenye lori. Njiani walikuwa wameipita zahanati bila kusimama, kwa sababu mjini kila mtu anaamini majeruhi wa ajali hapokelewi popote bila PF3, ile fomu ya polisi. Basi wakaja kuchukua fomu kwanza.

Nami nikafungua kitabu, nikaanza kuandika. Jina, umri, mtaa, kazi. Nina mwandiko mzuri, na siku hizo niliuonea fahari. Alikuwa akinijibu mwenyewe, kwa heshima, ananiita afande, na hilo ndilo lililonidanganya. Niliona mtu anayeongea ni mtu mwenye muda. Nilipofika mahali pa kueleza chanzo cha jeraha, aliyejibu alikuwa mwenzake. Nikainuka, nikachungulia, nikaona sakafu chini ya benchi. Alifia ndani ya bajaji kabla hawajafika hospitali, na fomu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, imejazwa vizuri, haina doa.

Nilitaka Mkufunzi aniambie hivi: kama ningezunguka ile kaunta nikalikandamiza jeraha kabla ya kushika kalamu, yule kijana angepona? Mkuu wa kituo aliniambia siku yake ilikuwa imefika. Mume wangu alisema hivyo hivyo, na mchungaji akalihubiri kabisa. Mama wa marehemu alikuja baada ya mazishi, akanishika mikono miwili juu ya kaunta, akanishukuru kwa kumpokea mwanawe vizuri. Nilimjibu asante mama. Nikarudi nyumbani nikashindwa kula siku mbili.

Ubaya ni kwamba katika darasa letu Mkufunzi alinisifu mimi. Tulikuwa ishirini na wawili, wanaume watupu isipokuwa mimi na dada mmoja wa usalama barabarani, na Mkufunzi akasema mbele ya wote kwamba mikono yangu inasikiliza. Hakuwa mtu wa kusifu. Sasa nitamwendea vipi nimwambie mikono ile aliyoisifu ilikuwa imeshika kalamu?

Mambo yake mengine yalikuwa ya kuchekesha, na ndiyo ninayoyakumbuka ninapotaka kumkumbuka bila kuumia. Zamani tulikuwa hatuna lile sanamu la plastiki la kujifunzia. Aliomba, akaandika barua, akangoja, akachoka. Siku moja akaenda Keko kwa mafundi wa sofa, akamtafuta fundi mzee, akamwambia anataka kifua cha mtu. Fundi alidhani anatapeliwa. Mkufunzi akavua shati, akalala juu ya meza ya kazi katikati ya vumbi la mbao, akamwambia fundi amkandamize kidogo kidogo asikie kifua kinavyobonyea na kinavyorudi. Wapita njia walisimama kutazama askari akibonyezwa na seremala. Baada ya wiki moja sanamu lilikuwa tayari: sponji, springi za sofa, na ndani kibao kinachogonga pale tu unapobonyeza kina cha vidole vitatu. Usipofika, halisemi kitu. Lilivishwa kitambaa cha sofa cha kahawia chenye maua, na sisi tukalibatiza jina la Mtuhumiwa.

Mtuhumiwa alisafiri kwa bajaji, amekaa kiti cha nyuma pamoja na Mkufunzi. Akija kwetu analazwa mahabusu, maana stoo hatukuwa nayo. Asubuhi moja, wakati wa kukabidhiana zamu, askari aliyekuwa akipokea alichungulia kwenye kidirisha cha mahabusu akahesabu watu saba. Daftari linasema sita. Akahesabu tena. Likatolewa daftari la jana, ikaitwa zamu iliyotoka, watu wakaanza kurushiana maneno kuhusu nani hakuandikwa. Nusu saa nzima. Mkufunzi alipofika kuchukua mali yake tukaangua kicheko, tukamweleza. Yeye hakucheka. Aliuliza kama kuna aliyeingia kumgusa yule mtu wa saba. Hakuna. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, polepole, kwamba tumeona mtu amelala hajibu, nasi tumekwenda kuhesabu karatasi.  Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo, na sikurudi mpaka niliposikia bajaji yake ikiondoka.

Kuhesabu kulikuwa na nafasi kubwa kwake. Mtu ambaye moyo umesimama anakandamizwa kifua mara thelathini, kisha anapuliziwa pumzi mbili, kisha thelathini tena, bila kuchelewa. Mkufunzi aligundua kitu ambacho nadhani hakimo katika kitabu chochote alichosomea. Aligundua kwamba askari wote, hodari na wazembe, wakifika kumi na moja mikono inapunguza mwendo. Alikaa siku nyingi akisikiliza. Mwisho akaona kosa liko katika hesabu yetu: moja mpaka kumi ni maneno mafupi, lakini ukianza kumi na saba, kumi na nane, mdomo unachukua muda, na mkono unausubiri mdomo. Akapiga marufuku kumi na moja. Tuhesabu moja mpaka kumi, mara tatu. Aliyeteleza akatamka kumi na moja alikimbia kuzunguka bendera.

Kwa hasira hizo za hesabu, ungemdhania mtu mkavu. Lakini alikuwa na adabu ya ajabu kwa waliozimia. Vitabu vinasema ukimkuta mtu ameanguka, mguse bega, mwite kwa sauti, uone kama anaitika. Mkufunzi alitufundisha tumwamkie. Mzee yeyote amwagiwe shikamoo ya nguvu, sikioni. Alisema hakuna mzee wa Dar, hata awe nusu usingizini, hata awe amelewa, atakayeipokea shikamoo bila kutoa marahaba. Ulimi unaitoa wenyewe. Asipoitika, basi huyo amezimia kweli, anza kazi. Na kama anasikia ila hawezi kujibu, angalau asisikie amevunjiwa heshima siku ya taabu yake.

Nilimwona akifanya hivyo mara moja, sokoni Tandika. Nilikuwa doria, na siku hiyo sikupata pa kumkwepea. Mzee mwenye kanzu alikuwa ameanguka kati ya mafungu ya viazi. Watu wamejaa, huyu anammwagia maji usoni, yule ameleta kitunguu cha kunusisha, mwingine amevua kiatu amnusishe, akidhani ni kifafa, na simu kibao zinapiga picha. Mkufunzi alikuwa amekuja kununua mboga. Hakumfukuza mtu. Aligawa kazi. Mwenye simu nzuri akatumwa kupiga simu gari lije. Kina mama wenye khanga wakaambiwa wazishike zizunguke kama pazia, mgongo kwa mgonjwa, nao walipogeuka kutuangalia aliwaita shangazi zake na kuwaomba wageuke tena. Mwenye kiatu akaambiwa akivae. Kisha akapiga magoti, akamwamkia mzee mara mbili, akamtazama kifua, akaanza.

Akachoka, nikashika mimi. Nikachoka, akashika yeye. Tulipokezana hivyo muda mrefu, moja mpaka kumi, mara tatu, jasho linatudondokea, vichwa vyetu vinakaribia kugusana. Tulipopeana zamu mara ya nne nilikuwa na swali mdomoni. Nilitaka kumwuliza pale pale, juu ya kifua cha mtu mwingine. Gari likafika. Walipomtazama mzee wakatikisa vichwa. Mkufunzi alimnyoosha kanzu, akaokota barakashea yake kwenye viazi, akaikung'uta vumbi, akaiweka kifuani pake. Mimi nikasema naitwa kwenye redio, na redio ilikuwa kimya.

Asije mtu akadhani namchora malaika. Alikuwa mgumu, msahaulifu wa fadhila, na mwenye vituko. Alifundisha kumpulizia pumzi mtu usiyemjua, lakini hakunywa kwenye kikombe cha mtu. Alikuwa na kikombe chake cha bati, kinaning'inia begini kwa kamba. Damu ya majeruhi haikumtisha, lakini siku ya kuchinja kuku nyumbani kwake alitoroka mapema na kurudi nyama ikiwa sufuriani. Kila darasa aliwalaani wanaopaka dawa ya meno kwenye majeraha ya moto. Maji baridi yanayotiririka, alisema, na si kingine. Kisha siku moja akaja darasani na mkono wa kushoto mweupe kuanzia kidoleni mpaka kwenye saa, unanukia mnanaa. Hakuna aliyethubutu. Mwisho dada wa usalama barabarani akauliza. Akasema birika lilimmwagikia, mkewe akawahi, na kwamba yeye ni mkufunzi wa polisi tu, hajapata kibali cha kufundisha nyumbani kwake.

Alipenda kutuonyesha vitu visivyo na gharama, maana alijua kituo chetu kina nini na hakina nini. Mfuko wa mkate ndio glavu. Khanga safi ndiyo bandeji, na ikilowa usiitoe, ongeza nyingine juu yake, kwa sababu ukiitoa ya kwanza umefungua bomba upya. Uzito wako wote ndio dawa ya damu. Aliyasema hayo huku akimkandamiza Mtuhumiwa paja ambalo hakuwa nalo.

Alistaafu bila sherehe. Sikuambiwa, niliona tu miezi imepita sijaliona begi la kijani. Akaja kijana msomi, na kompyuta na picha ukutani, mtu mzuri tu, akatufundisha mambo yale yale. Anahesabu mpaka thelathini. Nilikaa kiti cha mbele, maana sasa hakukuwa na wa kumkimbia, na nikaona darasa zima ni tupu. Kwa muda wote ule nilikuwa nikijidanganya kwamba namkwepa kwa muda, kwamba iko siku nitajikaza. Sasa siku zilikuwa zikiisha bila kuniaga. Nilianza kumwota mchana, nikiwa kaunta. Nikisikia bajaji inasimama nainua kichwa.

Mwaka wa tisa, siku yangu ya mapumziko, nilivaa gauni, nikanunua sukari kilo mbili, nikapanda kwenda Kimara. Nilikuwa nimeelekezwa: ukishuka stendi, kata kulia, panda kilima mpaka kwenye geti la bluu. Mkewe alinifungulia. Mama mnene, mcheshi, akapokea sukari kwa mikono miwili na kuniambia mzee wake siku hizi moyo unamsumbua, nisimchoshe. Mkufunzi alikuwa sebuleni. Amekonda. Shingo imekuwa ndogo ndani ya kola.

Nilimwamkia. Akaitikia, akaniita koplo, akaniuliza habari za kituo, nikamjibu nisichokumbuka. Kisha nikamwambia yote, bila kupumua, kuanzia bajaji iliposimama. Nilipomaliza hakunipa pole. Alianza kuniuliza maswali, kwa sauti ile ile ya darasani. Damu ilikuwa inaruka au inatiririka? Khanga ilifungwa juu ya jeraha au chini yake? Niliandika kwa dakika ngapi? Nikasema saba, labda nane. Hospitali wakati ule wa alasiri, kwa bajaji, ni mbali kiasi gani? Nikamwambia. Alifumba macho, midomo inatikisika, anapiga hesabu zake.

"Angefika," alisema.

Nikamtazama.

"Zaidi ya hapo mie sijui, koplo. Huko mezani kwa madaktari lolote lingetokea. Lakini ungekandamiza, hospitali angefika anahema."

Nililia. Na si kwa uchungu, au si kwa uchungu peke yake. Miaka tisa watu wema walikuwa wakininyang'anya kosa langu, wananiambia ni siku yake, ni mipango ya Mungu, nami natembea nalo kwa kificho kama mwizi. Huyu ndiye wa kwanza kunikabidhi. Lilikuwa zito, lakini lilikuwa langu, na kwa mara ya kwanza nilijua ukubwa wake. Mkewe akatoka jikoni, akamwuliza amemfanya nini mgeni wa watu. Mkufunzi akasema mgeni ameuliza swali.

Kisha akatazama mikono yake.

"Kuna la kwangu humo," akasema. "Nyie niliwafundisha uwanjani, kwenye jamvi, mmeshapiga magoti, mikono mitupu. Sikuwahi kumfundisha mtu amekaa kaunta na kalamu mkononi. Na kalamu ndiyo mnayokaa nayo kutwa."

Nikamwambia si kosa lake. Akaniambia nisimnyang'anye, naye alichukue lake.

Akainuka, akishikilia kiti. Akaniambia nikae kwenye meza ya chakula, akanipa kalamu na daftari la mkewe la kikoba. Mkewe akapinga, moyo wake, daktari amesema. Mkufunzi akamwomba amletee khanga. Kisha akaketi kwenye kiti upande wa pili wa meza, akaikunja khanga juu ya paja lake mwenyewe, akaniambia niandike. Jina. Nikaandika jina lake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Umri. Nikaandika. Akanyamaza, kichwa kikainama kidogo. Nikaiweka kalamu mezani, nikainuka, nikazunguka.

"Umeiweka," alisema. "Itupe. Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili nilimalizia herufi. Aliiona, akanirudisha. Mara ya tatu sikujua nimeinuka saa ngapi. Kalamu ilisikika ikigonga ukutani, kiti changu kikaanguka, nami nilikuwa nimepiga magoti kwenye saruji, viganja viwili juu ya khanga, mikono imenyooka, uzito wangu wote juu ya paja lile jembamba la mzee. Nilihisi mfupa. Nilihisi mapigo yake, yanakwenda ovyo, yanasimama, yanaanza.

"Kaza," akasema. "Usiniogope. Kaza."

Nikakaza. Mkewe alikuwa amesimama na sinia la chai. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Mkufunzi alikuwa ameegemea kiti, amefumba macho, uso umetulia, anahema taratibu, na nilitaka akae hivyo hivyo. Kisha akanigusa bega, akaniambia inatosha, chai inapoa.

Nikaachia. Alizikwa mwezi uliofuata, nami nilikuwa zamu, taarifa ikanifikia jioni. Kama ningejua, siku ile nisingeachia haraka namna ile.